MTI USIO NA SOKO UNAWEZA KUPIKWA

Maelezo ya kamati ya maseremala mbele ya mkutano wa wanaushirika

Ndugu wanaushirika,

Hali ya msitu tunaijua sote. Mninga na mkongo umeadimika. Mtondoro upo tele, lakini mnunuzi akisikia jina lake tu anasema, "Aa, huo unapinda." Sheria ya Misitu ya 2002 imetupa wanavijiji haki ya kutenga msitu wetu na kuuvuna kwa mpango. Sasa haki hiyo itatufaa nini ikiwa tunauza miti miwili tu?

Njia ipo. Huko Ufini waliikuza miaka ya 1990 kwa misonobari yao, na baadaye miti ya nchi za joto nayo imejaribiwa. Ubao hukaushwa kwanza. Kisha hutiwa katika tanuri lililozibwa, joto likapandishwa polepole hadi nyuzi 180 au zaidi, lisivuke 220, kwa saa mbili au tatu. Ukiharakisha, mti mgumu hupasuka. Ndani hujazwa mvuke wa maji kuzuia hewa, maana hewa ikiingia ubao unawaka. Joto hilo huvunja zile sehemu za ubao zinazokunywa maji. Kwa hiyo hauvimbi wala kusinyaa sana, na hauozi upesi. Rangi nayo hugeuka kahawia.

Lakini tusidanganyane. Kubanika ubao juu ya moto siyo kuupika, ni kuuchoma. Tena ubao uliopikwa hupungua nguvu, hukatika kirahisi. Usiupaulie nyumba, usiuchimbie nguzo, na mchwa bado wanaula. Unafaa kwa milango, madirisha, dari na meza. Kabla ya kupigilia msumari, toboa kwa keke.

Tanuri la namna hiyo ni ghali. Kwa hiyo tunaomba mkutano uamue mambo matatu:

1. Tujenge banda la kukaushia mbao kivulini. Hilo litatufaa hata tusipopika.

2. Mbao chache za mtondoro zijaribiwe kwa wenye tanuri kabla ya kutoa fedha ya ushirika kununua letu.

3. Kila ubao uuzwe kwa jina lake. Rangi ile ya kahawia itamshawishi mtu auite mninga. Mnunuzi akidanganywa mara moja harudi, na jina linaloharibika ni letu sote.

Ndugu, tujadili.