Asili ya Jina la Kariakoo

Twaenda Kariakoo, hapa Dar es Salaam, kununua nazi na samaki, lakini ni wachache waulizao jina hili limetoka wapi. Limetokana na Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, kilichoanzishwa mwaka 1914 chini ya Oscar Watkins. Waingereza walipoutwaa mji huu Septemba 1916, wapagazi wao waliwekwa hapo.

Kwa nini jeshi lenye mizinga na motokaa lilitaka vichwa vya watu? Kwa sababu mbung'o waliua farasi, punda na ng'ombe kwa maelfu, na mvua ziligeuza njia kuwa matope.

Na tufanye hesabu kama darasani. Mpagazi achukua ratli 50 za unga, naye hula ratli 2 kila siku. Akienda siku 10 na kurudi siku 10, amekula ratli 40; askari wapata 10 tu. Basi kila jeshi liliposonga mbele, walitakiwa wapagazi wa kuwalisha wapagazi. Ndipo watu waliposhikwa vijijini kwa nguvu. Daftari za Waingereza zataja zaidi ya 40,000 waliokufa, wengi wao kwa maradhi, si kwa risasi.

Sanamu iliyosimamishwa mjini mwaka 1927 ni ya askari mwenye bunduki. Mpagazi hana sanamu hapa. Ana jina la soko. Tulitajapo, tumkumbuke.