Mshahara wa Kwanza na Haki ya Uzeeni

Wahitimu wa hoteli na utalii, hongereni sana.

Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii Unguja hii mpaka nimestaafu, na jambo linaloniumiza ni mtu kufanya kazi maisha yake yote akakosa wa kumtazama uzeeni. Kilimo cha mwani kilipoanza hapa Jambiani na Paje mwaka 1989, mama zetu walishika fedha zao wenyewe, wakajenga, wakasomesha. Siku za bamvua, maji yakishakupwa, huinama saa nyingi wakifunga mbegu kwenye kamba. Mwani ukikauka husafirishwa ng'ambo, ukatolewa karagini ya kutia kwenye dawa ya meno na aiskrimu. Bei hupangwa hukohuko. Ikianguka, mkulima hana wa kumshitakia.

Na wa hotelini hawana nafuu: mwaka 2020 ikaja korona. Ndege zikasimama, hoteli zikafungwa, wapishi na wahudumu wakarudi pwani kutafuta pweza. Niliozungumza nao wengi hawakuwa na mkataba wa maandishi wala mchango katika Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ZSSF, na mfuko huo upo tangu 1998!

Wenzangu wa fani wananiudhi wanaposema serikali ndogo haina la kufanya mbele ya soko la dunia. Aprili 2016 Zanzibar ilianzisha Pensheni Jamii: mzee aliyetimiza miaka 70 alipwe shilingi 20,000 kwa mwezi kutoka hazina yetu wenyewe, awe alikuwa karani au mkulima wa mwani. Hazikuwa nyingi, lakini pensheni hiyo haingoji bei ya mwani ipande wala mtalii aje. Tuliweza hilo, na mengine tutaweza. Ila tuache kuandika mipango ya watu wa Jambiani kwa Kiingereza, ikasomwa na wafadhili tu. Isomwe barazani, bibi wa mwani aseme panapomuuma.

Wanangu, mgeni mpokeeni kwa uso mkunjufu, kazi ifanyeni kwa bidii. Lakini msianze bila mkataba, na mkiuona msitie saini kabla ya kuusoma. Atakayekuwa meneja asimnyime mwenzake alichokidai yeye. Mshahara wa kwanza ukiingia, mpeni mama chake, kisha nendeni ZSSF mkahakikishe mchango wenu umefika.