Amani Nyuma ya Mlango Uliofungwa

Somo: Yohana 20:19-21



Jioni ya siku ile ya kufufuka kwa Bwana, wanafunzi wake walikuwa wamejifungia ndani kwa hofu. Kila kishindo cha miguu huko nje kiliwashtua. Ndipo Yesu akaja, akasimama katikati yao, akawasalimu kwa amani, akawaonyesha mikono yake na ubavu wake.

Tuangalie vizuri jambo hili. Adui zao walikuwa bado mjini, na mlango ulikuwa bado umefungwa. Huko nje hakuna kilichobadilika, walakini wanafunzi walifurahi, kwa kuwa walimwona Bwana. Mara nyingi sisi hudhani kwamba amani itakuja shida zikiisha: bei zikishuka, mvua ikinyesha, uchaguzi ukipita. Amani ya namna hiyo huja na kuondoka kama mvua za vuli. Amani ya Kristo ni Kristo mwenyewe kuwa pamoja nasi, tena akiwa na alama za misumari mikononi.

Ndugu zetu wa Uganda waliijua amani hiyo. Usiku wa manane, tarehe 5 Februari 1977, askari wenye bunduki waliingia nyumbani kwa Askofu Mkuu Janani Luwum, wakaipekua nyumba wakisema wanatafuta silaha. Hawakuziona. Siku chache baadaye yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Rais Idi Amin barua ya kulalamikia dhuluma na mauaji. Tarehe 16 Februari Askofu Mkuu alikamatwa, akauawa. Serikali ikatangaza kwamba amekufa kwa ajali ya gari.

Kaburi lilikuwa limekwisha kuchimbwa kando ya Kanisa Kuu la Namirembe, lakini mwili haukuletwa. Jumapili, tarehe 20, maelfu ya Wakristo walifika hata hivyo, wakasimama kando ya kaburi tupu. Ndipo Askofu Mkuu mstaafu Erica Sabiti akawakumbusha kaburi jingine lililokutwa tupu, lile la asubuhi ya Pasaka. Nao wakaimba. Amin alikuwa bado anatawala, na aliendelea kutawala hata Aprili 1979. Lakini watu wale walishuka kilima cha Namirembe wakiwa na kitu ambacho hakuna askari awezaye kukipekua na kukichukua.

Na sisi je? Mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya uchaguzi, wengi wetu hapa Kenya tulifunga milango kwa kuwaogopa majirani tuliokuwa tukiombana nao chumvi. Hata sisi wachungaji tuliomba amani kanisani, huku mioyoni tukitaka watu wa upande wetu washinde. Maombi yale hayakutupa usingizi. Tulianza kuonja amani siku tulipoungama dhambi hiyo mbele za Mungu, tukafungua komeo, tukaenda kumjulia hali jirani wa kabila jingine. Nchi ilikuwa haijatulia, na mikono ilitutetemeka tulipobisha hodi. Lakini Bwana alikuwa pamoja nasi pale mlangoni.

Yesu hakuwaacha wanafunzi wakae chumbani mle. Aliwasalimu kwa amani mara ya pili, kisha akawatuma. Basi amani yake haikupewa watu ili waifiche. Hupewa wale wanaotumwa.

Ndugu msikilizaji, labda leo wewe pia umejifungia: kwa deni, kwa ugonjwa, kwa ugomvi wa shamba, au kwa hofu usiyoweza kumwambia mtu. Mwambie Bwana hofu hiyo kwa jina lake. Usingoje mpaka mlango ufunguke ndipo umwite, kwa maana yeye huingia hata ukiwa umefungwa. Kisha, kabla ya jua kutua, mwendee mtu mmoja unayemwogopa au aliye mpweke, umpelekee salamu ya amani.

Na tuombe. Ee Bwana Yesu, wewe uliyeingia kwa wenye hofu, ingia na kwetu. Utuonyeshe majeraha yako, ututulize mioyo, kisha ututume kwa jirani zetu. Amina.