Sosi ya Saladi Itengenezwayo Nyumbani



Mara nyingi mambo huwa hivi: mzee wa nyumba akishaambiwa na daktari kuwa shinikizo lake la damu limepanda, wali hupunguzwa na saladi huletwa mezani. Kisha juu ya majani yale humiminwa sosi nzito ya chupa, na chumvi iliyofukuzwa mlangoni huingia kwa dirishani.

Chupa yenyewe haifichi kitu, ila yataka kugeuzwa. Nyuma yake, hapa Uingereza, huandikwa kiasi cha chumvi kilichomo katika kila gramu 100. Kikizidi gramu 1.5, chumvi ni nyingi. Kikiwa gramu 0.3 au pungufu, ni kidogo. Mtu mzima hushauriwa asizidishe gramu 6 kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai, na mtoto wa mwaka 1 hadi 3 asizidishe gramu 2. Vijiko viwili vikubwa vya sosi yenye gramu 2 za chumvi katika kila 100 vina gramu 0.6 hivi. Kwa mtoto huyo, hiyo ni karibu theluthi ya kiasi chake cha siku, na mkate na mchuzi bado havijahesabiwa.

Ajuaye kutengeneza chatini ya kotmiri hana jipya kubwa la kujifunza. Sosi hii ni ndugu yake, iliyolainishwa kwa mtindi. Huhitajika vijiko vikubwa sita vya mtindi mzito usiotiwa sukari, konzi moja ya kotmiri (wengine huiita dania au giligilani), nusu yake ya nanaa, maji ya nusu ndimu, punje moja ndogo ya kitunguu saumu na kijiko kimoja cha mafuta ya zeituni. Apendaye pilipili mbichi na aongeze. Chumvi huja mwisho, baada ya kuonja, na mara nyingi ndimu na kitunguu saumu huwa vimekwisha kuifanya kazi yake.

Majani huoshwa vizuri kwa maji safi, hata yale ya kununuliwa sokoni kwa mafungu, maana udongo hujificha mashinani. Kisha hukaushwa kabisa kwa kitambaa safi, kwa kuwa maji yakibaki sosi huwa chepechepe. Majani, ndimu, kitunguu saumu na mafuta husagwa kwanza peke yake. Mtindi huchanganywa baadaye kwa kijiko. Mtindi ukisagwa kwa mashine hupoteza uzito wake, na hapo ndipo wengi hukata tamaa wakarudi kwenye chupa. Sosi ikikaa nusu saa ndani ya friji, ladha hukolea.

Wako wapendao kuanzia na yai bichi badala ya mtindi. Hapa Uingereza, mayai yenye muhuri wa simba huhesabiwa kuwa salama kuliwa mabichi hata na mama mjamzito, mtoto mchanga aliyeanza kula na mzee. Mayai yasiyo na muhuri huo wasipewe mabichi. Mtindi nao uwe wa maziwa yaliyochemshwa kiwandani kuua vijidudu, kama lebo ionyeshavyo.

Uhuru huu una gharama yake: sosi ya nyumbani haina dawa ya kuihifadhi. Hutiwa katika chupa safi yenye kifuniko, ikawekwa katika friji yenye nyuzi 5 au chini, na kuliwa ndani ya siku mbili. Usiku wa futari, sahani zinapokaa mezani na wageni wakiendelea kuingia, ni bora kutoa bakuli dogo na kuliongezea kutoka kwenye friji. Iliyobaki mezani hairudishwi chupani.

Na kwa kuwa mtindi ni mchachu tangu mwanzo, pua haiwezi kuamua kama sosi imeharibika. Siku iliyotengenezwa iandikwe juu ya kifuniko.