Ukuta wa Saruji na Mchanga Wake



Twaomba ruhusa yenu tuseme machache juu ya kuta za saruji zinazokata mito yetu ya msimu katika Kitui na Makueni.

Jambo hili si geni. Kuta za namna hii zilianza kujengwa Ukambani katika miaka ya 1950. Baadaye, tangu mwaka 1978, kikundi cha Utooni kilifufua kazi hiyo, na kule Kitui shirika la SASOL lilijenga mamia ya kuta kuanzia miaka ya 1990. Wenyeji walichangia mawe, mchanga na nguvu zao kwa mwethya.

Kazi ya ukuta hubadilika. Mvua za kwanza zinyeshapo, huzuia maji yakaonekana kama ziwa dogo. Misimu ikipita, mafuriko huujaza mchanga hata ukingoni, na mgeni hudhani kwamba umeharibika. Kumbe sasa ndipo unapofaa. Maji hukaa kati ya chembe za mchanga, huenda robo ya ujazo wake au zaidi. Jua haliyanyonyi upesi, wala mbu hawazaliani humo. Mama aliyekuwa akifuata maji mbali huchimba hapo hapo mtoni. Kisha hufuata miche ya miti, mboga na matofali ya kujengea. Wengine huutumia ukuta wenyewe kuvuka mto.

Lakini limezuka tumizi jingine, nalo latuhuzunisha: malori yaja kuzoa mchanga ukauzwe mijini. Mchanga ukiondoka, maji nayo huondoka, na ukuta hubaki jiwe tupu. Serikali ya Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015. Hata hivyo, sheria haikeshi mtoni usiku. Wenye kukesha ni sisi.

Tena tusisahau kwamba wanaopakia malori hayo ni wanetu wenyewe, na koleo ndilo linalowalisha. Kuwakemea tu hakutoshi. Twaomba chama kiwapatie mashamba ya mboga kando ya kuta hizo, nao wazee wachague walinzi katika kila kijiji. Kijana anayemwagilia mboga zake kwa maji ya mchangani hatakubali mchanga huo uzolewe.

Wazee wetu, akiba haiozi, ila huibwa. Tuilinde.