KAZI SI MSHAHARA PEKE YAKE
(Mazungumzo ya mwanachama wa reli mbele ya mkutano wa tawi)



Katika mkutano uliopita mwenzetu mmoja alisema juu ya ndugu walioachishwa kazi: "Hao wamekuwa wavivu. Wakati wanao tele, na hata mkutanoni hawaji." Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, kisha nikaenda nyumbani nikiona haya. Leo naomba kuwaeleza habari za bibi mmoja aliyelichunguza jambo hilo hilo.

Jina lake ni Marie Jahoda. Alizaliwa Vienna, mji mkuu wa Austria, mwaka 1907, akasomea saikolojia, ndiyo elimu ya akili na mwenendo wa watu. Karibu na Vienna kuna kijiji kiitwacho Marienthal, ambacho watu wake walitegemea kiwanda kimoja cha nguo. Kufika mwaka 1930 kiwanda kilikuwa kimefungwa. Kijiji kilikuwa na jamaa 478, na nyingi katika hizo hazikubaki na mtu hata mmoja mwenye kazi. Bibi Jahoda na wenzake, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel, walikwenda kuwachunguza. Hawakwenda kutazama tu. Waligawa nguo, na watu wakatibiwa bure. Kitabu chao kilitoka mwaka 1933.

Waliona nini? Maktaba ya kijiji iliacha kutoza ada, na watu sasa walikuwa na wakati wa kusoma. Lakini vitabu vilivyoazimwa vilipungua sana. Wanaume waliacha kuvaa saa. Wakiulizwa siku ilipitaje, walishindwa kueleza. Wachunguzi walipima hata mwendo wa watu barabarani. Wanaume walikwenda polepole, wakisimama njiani mara kwa mara. Wanawake walikwenda upesi kuliko wao, maana kazi za nyumbani hazikufungwa pamoja na kiwanda.

Basi, je, wanaume hao walikuwa wavivu? Hapana. Walikuwa wale wale waliokuwa wakiamka mapema kwenda kiwandani.

Bibi Jahoda mwenyewe alionja taabu. Mwaka 1936 serikali ya Austria ilimfunga kwa ajili ya siasa, na mwaka 1937 akafunguliwa kwa sharti aondoke katika nchi. Akaenda Uingereza, akachunguza maisha ya wachimba makaa wa Wales waliokosa kazi. Baadaye akaingia kiwandani, akafanya kazi pamoja na wasichana wa huko ili ajue mambo yao. Alifariki mwaka 2001.

Katika kitabu chake cha mwaka 1982 alieleza kwamba, zaidi ya mshahara, kazi humpa mtu mambo matano: mpango wa siku yake, kuonana na watu wasio wa jamaa yake, shabaha moja pamoja na wenzake, heshima ya kujulikana yeye ni nani, na shughuli ya kila siku. Siku mtu anapoachishwa, hupotewa na yote matano pamoja na fedha.

Ndugu zangu, chama chetu hakiwezi kumlipa kila aliyeachishwa. Haki zake tutaendelea kumdai mwajiri, wala maneno yangu yasitufanye tuache kudai. Lakini yale matano, chama kinaweza kumrudishia baadhi yake.

Mtu atasema, "Tuwasamehe ada, watakuja." Kumbukeni ile maktaba. Ada iliondolewa, na watu hawakwenda. Tukingoja waje wenyewe tutangoja bure.

Kwa hiyo natoa shauri la namna tatu. Kwanza, aliyeachishwa asamehewe ada kwa miezi sita, na jina lake lisifutwe katika daftari. Pili, katika kila landhi achaguliwe mwanachama mmoja wa kumwendea nyumbani na kufuatana naye mpaka mkutanoni. Tatu, apewe kazi ya kweli katika tawi, yenye siku na saa yake: kugawa karatasi hii, kuwaandikia barua wasiojua kuandika, au kuwafundisha vijana sheria za kazi.

Leo ni wao. Kesho barua ile yaweza kuwa na jina langu au lako. Siku hiyo nisingependa mtu acheke.

Bwana Mwenyekiti, naomba shauri hili lipigiwe kura.