Mbegu Baada ya Maji: Mafuriko na Uchumi wa Mkulima wa Bonde la Rufiji

Mafuriko ni maji kupita kingo na kufunika makazi na mashamba. Athari zake washiriki wanazijua: vifo, nyumba kubomoka, kipindupindu, barabara kukatika. Aprili 2024 aliyekuwa Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, aliliarifu Bunge kwamba mvua za El Nino zimeua watu 155, kujeruhi 236 na kuathiri kaya zaidi ya 51,000 nchini. Rufiji na Kibiti zilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoumia. Mada hii inashika jambo moja tu: mbegu.

Mrufiji hakuanza jana kuishi na maji. Mto Rufiji unapokea Kilombero, Ruaha Mkuu na Luwegu, kisha hujaa wakati wa masika. Mpunga hupandwa mapema ili uwe umerefuka maji yanapopanda. Yakishuka, huacha tope jipya lenye rutuba na unyevu, na hapo hupandwa mazao ya mlau: mahindi, kunde na maboga, yanayokua bila kungoja mvua nyingine. Mpunga ukizama, mlau huokoa nyumba. Ndiyo maana wazee wa bondeni hawayachukii mafuriko ya wastani. Ni mbolea wasiyoilipia.

Msiba huja pale maji yanapowahi, au yanapozidi kimo cha mpunga na kuingia hadi ndani ya nyumba. Mbegu ya mlau kwa sehemu kubwa hutunzwa na mkulima mwenyewe, juu ya jiko, kwenye moshi unaofukuza wadudu. Ukuta ukianguka, mbegu imekwenda. Ile iliyookolewa huliwa, kwa kuwa watoto wenye njaa hawangojeshwi. Maji yanaondoka, ardhi imelainika kuliko mwaka wowote, na mwenye shamba hana cha kufukia.

Unyevu hausubiri kikao. Misaada ya kwanza huwa unga, maharage, mablanketi na magodoro, na inastahili shukrani. Mbegu hutajwa mwishoni, ikisubiri tathmini, kibali na ununuzi. Hapa pana kikwazo ambacho mwandishi wa mada hii amekipigia kelele kwa miaka: mlau huanza kupandwa Mei na Juni, wakati mwaka wa fedha wa serikali unafungwa Juni 30. Mkulima anahitaji mbegu hasa pale kasma zimekauka. Si nia ya mada kulaumu ofisi yoyote. Kalenda yenyewe ndiyo yenye kasoro, na kalenda hupangwa na watu.

Kaya iliyokosa mlau haikosi chakula tu. Mpunga uliozama ulikuwa na deni la trekta na vibarua. Deni hilo hulipwa kwa mkopo mwingine, ule unaoitwa kausha damu, au kwa kuuza mpunga wa mwakani ungali shambani, kwa bei ya mnunuzi. Mama aliyekuwa analima lake huenda kulima la mwenzake kwa ujira wa siku. Maji yalikaa wiki chache. Deni hukaa misimu.

Wapo wanaosema dawa ni kuhama. Baada ya mafuriko ya 1968 watu walihamishiwa vijiji vya mwinuko, lakini mashamba yalibaki bondeni. Wakulima wakaendelea kuteremka, wakijenga madungu ya kulindia mazao dhidi ya nguruwe na nyani. Kiwanja salama ni haki ya mwathirika, ila kisichukuliwe kuwa ndicho chakula chake.

Kuhusu Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto huu, lenye megawati 2,115 na lililoanza kujazwa Desemba 2022, hesabu za maji ziachiwe wahandisi. Mada inaomba taarifa ya kufungulia maji imfikie mkulima kwa lugha ya shamba: maji yatafika kimo gani, siku gani, yatakaa muda gani.

Mapendekezo mengine ni haya. Kila kata ya bondeni iwe na ghala la mbegu kwenye mwinuko. Vikundi vya wakulima vizalishe mbegu za daraja la kuazimiwa ubora, za kunde na mahindi ya muda mfupi. Tathmini ya maafa ihesabu mbegu na madeni, si nyumba na ekari peke yake. Mikopo ya halmashauri kwa wanawake na vijana isogezewe muda wa marejesho pale mafuriko yanapothibitishwa. Kamati za maafa, ambazo Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inazitambua, zikae na maofisa ugani kabla ya Machi. Na mbegu ifike pamoja na unga.

Rasimu za bajeti za halmashauri huandaliwa miezi mingi kabla ya masika. Madiwani na wakurugenzi waliopo hapa waingize humo kifungu cha mbegu ya mlau, na fedha yake isiguswe mpaka maji yashuke.